Fisher: Bingwa wa hesabu aliyefundisha kupima mbolea kwa kura

KILA msimu mkulima huambiwa kwamba mbolea fulani imeongeza mavuno. Lakini je, ni mbolea iliyofanya kazi, au kipande kile cha shamba kilikuwa na rutuba tangu mwanzo?

Aliyeonyesha njia ya kulijibu swali hilo ni Ronald Aylmer Fisher, Mwingereza aliyezaliwa London Februari 17, 1890.

Maisha hayakuwa rahisi. Babake alikuwa dalali wa minada ambaye biashara yake iliporomoka, na mamake alifariki Fisher akiwa na umri wa miaka 14. Macho yake yalikuwa mabovu, hivyo akazoea kufanya hesabu kichwani bila kalamu wala karatasi.

Alihitimu hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1912. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, jeshi lilimkataa kwa sababu ya macho hayo. Akawa mwalimu wa shule, huku akiendesha shamba dogo pamoja na mkewe.

Mwaka 1918 alichapisha makala iliyoonyesha kwamba sheria za urithi alizogundua Gregor Mendel kwa mbaazi zinaweza kueleza pia sifa zinazopishana kidogo kidogo, kama kimo cha watu. Hesabu zinazotumika leo kuchagua fahali wa kuzalisha ng'ombe wa maziwa zinatokana na msingi huo.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kaskazini mwa London. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1843, na kilikuwa na kumbukumbu za mavuno ya ngano za zaidi ya miaka 70.

Fisher aligundua kwamba athari za mvua, magugu na rutuba ya udongo zilikuwa zimechanganyika na za mbolea. Kulinganisha shamba moja lenye mbolea na jingine lisilo nayo hakukutosha.

Dawa yake ilikuwa na hatua tatu. Kwanza, gawa shamba katika makundi ya vipande vinavyofanana. Pili, rudia kila mbolea katika kila kundi. Tatu, amua kwa kura kipande kipi kipate mbolea ipi, ili mtafiti asipendelee penye udongo mzuri.

Baada ya mavuno, tofauti kati ya mbolea hulinganishwa na tofauti za kawaida kati ya vipande vilivyotunzwa sawa. Tofauti ya mbolea isipozidi ile ya kawaida kwa kiasi cha kutosha, hakuna sababu ya kusema mbolea imeshinda.

Alieleza hesabu hizo katika kitabu cha mwaka 1925, kilichofikia matoleo 14. Kingine cha mwaka 1935 kilihusu namna ya kupanga majaribio. Mwaka 1952 alitunukiwa cheo cha Sir.

Makala zake za kisayansi zilikaribia 300, na baada ya kifo chake zilikusanywa katika majuzuu matano. Ziligusa takwimu, kilimo, urithi, mageuzi ya viumbe na hata makundi ya damu. Makala moja ya mwaka 1936 ilitumia vipimo vya maua 150, na hadi leo vipimo hivyo hutumiwa kufundishia kompyuta kutambua aina za vitu.

Faharasa kubwa ya kuhesabu ni mara ngapi makala ya mwanasayansi imetajwa na wenzake ilitolewa Marekani mwaka 1964, Fisher akiwa tayari amekufa. Hata hivyo, hesabu hiyo haiwezi kuonyesha deni lote. Mbinu zake zimekuwa kama jembe: watafiti wengi huzitumia kila siku bila kumtaja aliyezibuni.

Lakini sifa hizo hazikumzuia kukosea. Aliunga mkono fikra za kuchagua watu wa kuzaa, fikra zilizotumiwa kudhulumu wengi. Katika miaka ya 1950, akiwa mvutaji wa kiko na mshauri wa watengenezaji wa tumbaku, alipinga ushahidi kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu. Ushahidi huo ulikuwa sahihi. Ubingwa katika fani moja haukumpa kinga katika nyingine.

Fisher alifariki Adelaide, Australia, Julai 29, 1962.

Urithi wake bado uko shambani. Mbegu mpya inapojaribiwa kituoni, hupandwa katika vipande vinavyorudiwa na kupangwa kwa kura. Mkulima anayeletewa mbolea mpya anaweza kumuuliza muuzaji maswali yale yale kabla ya kutoa pesa: ilijaribiwa kwenye vipande vingapi, ikalinganishwa na nini, na nani alichagua vipande hivyo?