Ptolemy: Jenerali aliyeijengea Misri ukuta wa fedha

ALEXANDER Mkuu alipofariki mjini Babylon mwaka wa 323 Kabla ya Kristo (KK), majenerali wake waligombania milki yake kama fisi waliokuta mzoga. Ptolemy, mwana wa Lagus kutoka Macedonia, hakukitamani kiti kikuu. Alitaka Misri, naye akapewa aitawale kama gavana.

(Asichanganywe na Ptolemy mwanajiografia, aliyeishi karne nne baadaye na kuiandika bandari ya Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki.)

Hatua yake ya kwanza ilikuwa ya kijasiri. Aliuteka msafara uliobeba mwili wa Alexander, akauzika Memphis. Perdiccas, msimamizi wa milki, alikuja na jeshi kumwadhibu, lakini alipoteza askari zaidi ya 2,000 alipojaribu kuvuka Mto Nile, kisha akauawa na maafisa wake mwenyewe.

Ptolemy akageukia sarafu. Alipiga chapa sura ya Alexander aliyevikwa ngozi ya kichwa cha ndovu, na hata asiyejua kusoma alielewa kwamba mrithi wa shujaa huyo yuko Misri. Kufikia mwaka wa 304 KK alikuwa amejitangaza mfalme. Baadaye aliiondoa sura ya Alexander kwenye sarafu za fedha akaweka yake mwenyewe, yenye macho makubwa na kidevu kilichochongoka, na upande wa pili tai aliyesimama juu ya radi. Wafalme waliothubutu kujichora hivyo wakiwa hai walikuwa wachache mno.

Hata hivyo, ujanja wake mkubwa ulikuwa katika mizani. Misri ilijaa nafaka, lakini madini ya fedha yalikuwa adimu na yalitoka ng'ambo. Sarafu ya drakma nne, iliyokuwa na uzani wa takriban gramu 17 kama ile ya Athens, aliipunguza hatua kwa hatua hadi takriban gramu 14. Sarafu za kigeni zilipigwa marufuku sokoni. Mfanyabiashara aliyefuata ngano Alexandria alilazimika kusalimisha zake nzito na kupokea za mfalme zilizo nyepesi. Katika kila sarafu tano zilizoyeyushwa, fedha ilitosha kupiga sita.

Wageni walinung'unika, lakini waliihitaji ngano. Pato hilo lilisaidia kulipa askari na mabaharia, na wanahistoria wengi huuona mpango huo kuwa miongoni mwa misingi ya nguvu za ukoo wake.

Ptolemy alifariki mwaka wa 282 KK, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, kitandani mwake. Wenzake wengi waliuawa. Sura yake iliendelea kupigwa chapa kwenye sarafu za Alexandria kwa zaidi ya karne mbili, hadi enzi ya Cleopatra, wakati ambapo fedha halisi ndani yake ilikuwa imepungua mno.