Dkt. Denis Burkitt: Mtaka cha Mvunguni

Wenzetu wanaosomea udaktari chuo kikuu hufika wakati wakaambiwa wajichagulie: wataenda hospitali gani kujifunza, na watafanya utafiti kuhusu nini? Wengi hukimbilia hospitali kubwa za Nairobi au hutamani ng'ambo. Hudhani ugunduzi hauwezi kutoka kwenye vumbi la Kitui na Makueni. Hebu tumtazame Dkt. Denis Burkitt, tuone kama dhana hiyo ni ya kweli.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Babake alikuwa mhandisi, na wakati wa mapumziko aliwachunguza ndege wa bustanini. Aliwavisha pete miguuni, kisha akachora ramani ya mahali kila ndege alipoishi. Denis alipokuwa na miaka 11, watoto walirushiana mawe. Jiwe moja likamvunjia miwani, akapoteza jicho la kulia.

Mwaka 1929 aliingia chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama babake. Hakukaa sana. Alikuwa Mkristo mwenye imani kubwa, akaona wito wake ni udaktari, basi akabadili masomo. Alifuzu mwaka 1935. Alipoomba kazi katika makoloni ya Waingereza huku Afrika, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Kwani alikufa moyo? Hata kidogo! Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi lilimchukua, akaletwa Afrika Mashariki. Mwaka 1946 alipewa kazi Lira, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira wanaume wengi walikuwa na busha. Daktari mwingine angepasua tu na kuendelea na kazi. Burkitt alihesabu, akagundua kuwa wagonjwa wa upande wa mashariki walikuwa wengi kupita wa magharibi. Akajiuliza: kwa nini huku na si kule? Swali hilo ndilo lililomfanya mtafiti.

Mwaka 1948 alihamia Hospitali ya Mulago, Kampala. Siku moja mwaka 1957, Dkt. Hugh Trowell alimwita amwone mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Baada ya muda mfupi akaona mtoto mwingine kama huyo Jinja. Burkitt alipopekua kumbukumbu za hospitali alikuta watoto wengine wengi. Kumbe ilikuwa aina ya saratani ambayo bado haijaelezwa sawasawa! Aliandika habari zake mwaka 1958.

Sasa angetafuta vipi chanzo chake? Fedha za kuanzia utafiti zilikuwa pauni 25 tu. Alichapisha karatasi zenye picha za wagonjwa, akazituma hospitali za serikali na za misheni kote Afrika akiuliza kama wamewaona watoto wa namna hiyo. Kila jibu lilipofika, alichomeka pini kwenye ramani ukutani. Mambo yakawa kama ya babake na ndege wake.

Tarehe 7 Oktoba 1961, yeye na wenzake wawili, Dkt. Ted Williams na Dkt. Cliff Nelson, walifunga safari kwa gari kuukuu. Kwa muda wa wiki 10 hivi walikwenda maili 10,000 hadi Afrika Kusini, wakipitia hospitali zaidi ya 50. Jamani, si mchezo! Waligundua kuwa ugonjwa huo hupatikana mahali penye joto na mvua ya kutosha, lakini ni nadra kwenye baridi na ukavu. Hapa Kenya ulionekana sana Pwani na karibu na Ziwa Victoria, si katika nyanda za juu. Palipokuwa na malaria nyingi, nao ulikuwepo.

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alikuwa ametoa hotuba London. Anthony Epstein alimsikiliza, akaanza kuchunguza vipande vya uvimbe huo vilivyotumwa kutoka Uganda. Mwaka 1964 Epstein na wenzake walitangaza kirusi kipya, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Dawa nazo zilijaribiwa, na watoto ambao zamani wangekufa wakaanza kupona.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Huko aliwahimiza watu wale vyakula vyenye makapi, kama walavyo watu wa vijijini Afrika. Isyo yetu ya mahindi na maharagwe angeisifu sana! Alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Haya basi, wewe utakayekuwa daktari kesho, kumbuka mwaka 2004. Mahindi yaliyoota kuvu yaliwaugua­za watu 317, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Jibu halikupatikana maabara peke yake. Ilibidi watu waende nyumba kwa nyumba wakiuliza mahindi yalihifadhiwa wapi, na kama yaliwekwa yakiwa makavu au yana unyevu. Hilo ni swali la ghala la nyanya yako.

Siku utakapoambiwa uchague, usione haya kuchagua kwenu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.