Sheikh Al-Amin Mazrui: Mwalimu Aliyeuliza kwa Nini



Hapa kwetu Mambrui liko kaburi la kale la mnara, lililopambwa kwa bakuli za Kichina. Muulize kijana yeyote bakuli zile zamaanisha nini, atakujibu mbio: ati Wachina walikaa hapa zamani. Haya, lakini ngoja kwanza. Nyanya yako akiwa na sahani ya Kichina kabatini, je, nyanya amekuwa Mchina? Bakuli zathibitisha kwamba vyombo vya Uchina vilifika pwani hii. Nani aliyevileta, na vilipita mikono mingapi, hilo ni swali jingine kabisa.

Kutenga lile lililothibitika na lile linalodhaniwa tu ni mwanzo wa mantiki. Basi nimeonelea niwasimulie maisha ya mtu wa pwani yetu aliyeitumia mantiki mahali pagumu zaidi, yaani kwa watu wake mwenyewe.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Al-Amin akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alivuka bahari kwenda Unguja, akasoma kwa mabingwa wawili, Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir.

Isitoshe, alisoma maandishi yaliyotoka Misri, ya wanachuoni kama Muhammad Abduh na Rashid Rida. Hao walishikilia kwamba dini na akili hazigombani, na kwamba Mwislamu hana haja ya kuogopa elimu mpya.

Zama hizo Waingereza walikuwa wameshaitawala nchi. Watu wa pwani walikuwa wakipoteza mashamba, biashara na heshima. Kila mmoja alikuwa na jibu lake. Wengine walisema ni majaaliwa, wengine wakamlaumu mgeni, basi mambo yakaishia hapo. Sheikh Al-Amin hakuridhika. Yeye aliuliza: kwa nini? Na sisi wenyewe tumechangia nini?

Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo liitwalo Sahifa, na mwaka 1932 akatoa jingine, Al-Islah, maana yake matengenezo. Kiarabu alikijua barabara, lakini aliandika kwa Kiswahili ili ujumbe umfikie mvuvi na muuza duka, si wanachuoni peke yao. Baadaye baadhi ya makala zake zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Aliandika nini? Alikemea israfu katika arusi na matanga. Hebu tufuate mlolongo wenyewe: mtu akopa afanye karamu ya kujionyesha, deni lamshinda, auza shamba, watoto wabaki bila ardhi wala karo. Huyo kweli ameonewa na majaaliwa? Vilevile alitaka wasichana wasomeshwe, jambo ambalo wazee wengi siku hizo hawakutaka kulisikia. Kuhusu Wazungu, hakusema tuwafuate katika kila kitu wala tuwakatae katika kila kitu. Alitaka watu wapambanue: elimu na bidii yao tuchukue, ulevi wao tuwaachie.

Bila shaka maneno hayo hayakumpendeza kila mtu. Nyani haoni kundule, na anayemwonyesha hapendwi. Hata hivyo, elimu yake haikuweza kupuuzwa. Mwaka 1932 akawa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokishika hadi alipofariki mwaka 1947. Aliacha wanafunzi wengi. Mwanawe mmoja, Ali Mazrui, wakati huo mvulana wa miaka 14, ndiye aliyekuja kuwa profesa mashuhuri duniani.

Fauka ya hayo, Sheikh aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake, Wamazrui waliotawala Mombasa kwa karibu miaka 100 hadi Sayyid Said alipowashinda mwaka 1837. Baada ya hapo baadhi yao walihamia Gasi, na wengine Takaungu, hapa hapa Kilifi. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu hicho ilichapishwa mwaka 1995.

Sasa, wenzangu, hapa ndipo mtihani ulipo. Tukimheshimu Sheikh kikweli, hatuna budi kutumia mizani yake hata kwa kitabu chake. Historia ya ukoo iliyoandikwa na mwana wa ukoo ina faida kubwa, kwani yeye ajua ya ndani. Lakini msomaji lazima aulize: ni sauti ya nani isiyosikika? Karne ya 19 mashamba ya Takaungu, Malindi na Mambrui yalilimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria hapa Kenya hadi mwaka 1907. Katika madarasa ya pwani hii huenda wajukuu wa waliomiliki na wa waliomilikiwa wakakaa dawati moja. Kila mmoja amesimuliwa nyumbani kisa kimoja tu. Tukimeza vyote bila kutafuna, tutakuja kuchukiana kwa mambo tusiyoyajua vizuri.

Kuuliza si utovu wa adabu. Sheikh Al-Amin alikuwa mcha Mungu, kadhi na mtoto wa watu wakubwa, na bado aliuliza. Shime basi! Likizo hii, kila mmoja wetu akae na babu au nyanya, asikilize kwa heshima, kisha aulize kwa upole: haya tumeyajuaje?