Galileo na Msala Upitao

Katika vyumba vingi vya walimu kuna mjadala usiokwisha. Mwalimu aliyefundisha kwa miaka ishirini, mwenye jina na cheo, ameitwa kwingine penye masharti bora. Je, ahame ama abaki? Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini wahenga hao hao walitwambia kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Methali zinapogongana, yafaa tuyatazame maisha ya mtu aliyelikabili swali hilo, na ambaye matokeo ya uamuzi wake yanajulikana.

Mtu huyo ni Galileo Galilei, mwanahisabati aliyezaliwa mjini Pisa, Italia, mwaka wa 1564. Alianza kufundisha katika chuo kikuu cha Pisa mwaka wa 1589. Miaka mitatu baadaye alihamia chuo cha Padua, kilichokuwa chini ya Jamhuri ya Venice, akakaa huko kwa miaka 18.

Maisha ya Padua hayakuwa mteremko. Babake alikuwa amefariki mwaka wa 1591, na kwa kuwa Galileo ndiye aliyekuwa kifungua mimba, mzigo wa jamaa ulimwangukia, pamoja na mahari ya dada zake, ambayo kwa desturi ya huko enzi hizo ilitolewa na upande wa bibi arusi. Mshahara haukutosha. Alifundisha masomo ya ziada, akawakaribisha wanafunzi wa kulipa nyumbani kwake, na kuuza vyombo vya kupimia vilivyoundwa na fundi wake. Mwalimu yeyote aliyewahi kufuga kuku ili kuziba pengo la mshahara ataielewa hali hiyo.

Mwaka wa 1609 alipata habari za darubini iliyoundwa Uholanzi, naye akatengeneza yake iliyo bora zaidi. Mwezi wa Agosti aliwaonyesha wakuu wa Venice jinsi merikebu zinavyoweza kuonekana baharini muda mrefu kabla ya jicho tupu kuziona. Baraza la Seneti likamthibitisha kazini maisha yake yote, na mshahara wake ukapandishwa kutoka florini 520 hadi 1,000. Hata hivyo, hakungekuwa na nyongeza nyingine, na wajibu wa kufundisha ulibaki pale pale.

Januari 1610 aliigeuzia darubini sayari ya Mshtarii, akaona miezi minne ikiizunguka. Kitabu chake kuhusu ugunduzi huo kilitoka mwezi wa Machi, na miezi hiyo akaipa jina la ukoo wa Medici, watawala wa Toscana. Mtawala wa wakati huo, Cosimo wa Pili, alikuwa mwanafunzi wake wa hisabati utotoni. Ilikuwa kama barua ya kuomba kazi, na jibu halikukawia. Kufikia Julai Galileo alikuwa ameteuliwa kuwa mwanahisabati na mwanafalsafa wa Mtawala, bila wajibu wa kufundisha darasani. Septemba alihamia Florence, akiwa na umri wa miaka 46.

Tusimhukumu kuwa mlafi. Alichokitafuta hasa ni wakati wa kufanya utafiti na kuandika, na aliupata. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amegundua kwamba sayari ya Zuhura hubadilika umbo kama mwezi wetu, ushahidi mzito kwamba inalizunguka jua.

Lakini rafiki yake Sagredo, aliporejea kutoka Syria mwaka wa 1611, alimwandikia kwa masikitiko akimkumbusha uhuru alioupa kisogo. Venice ilikuwa jamhuri iliyothubutu kupinga amri ya Papa mwaka wa 1606. Ni kweli kwamba haikuwa ngome kamili, kwani mwaka wa 1593 ilikuwa imemkabidhi Giordano Bruno kwa wakuu wa Roma. Walakini Florence ulinzi wote ulitegemea hisani ya mtu mmoja.

Mtu huyo alifariki mwaka wa 1621 akiwa na umri wa miaka 30, akamwachia kiti mwanawe wa miaka 10. Galileo alipoitwa Roma kuhusu kitabu chake cha mwaka wa 1632, mtawala huyo kijana alimpa machela ya kusafiria, lakini hakumkatalia Papa. Mnamo Juni 22, 1633, mzee wa miaka 69 alilazimishwa kupiga magoti na kuikana imani yake kwamba dunia hulizunguka jua. Aliishi kizuizini hadi alipofariki mwaka wa 1642. Akiwa kizuizini alikamilisha kitabu chake kikuu kuhusu mwendo wa vitu, kilichochapishwa Leiden mwaka wa 1638, na sehemu kubwa yake ilitokana na majaribio aliyoyafanya Padua. Uzeeni alikiri kwamba miaka ile 18 ndiyo iliyokuwa bora maishani mwake.

Sisemi kwamba mwalimu asihame. Nasema kwamba anayehama baada ya miaka mingi asihesabu mshahara na vipindi pekee. Aulize pia: siku nitakaposema kweli isiyopendwa, nani atasimama nami? Na je, mwajiri mpya ni taasisi yenye sheria, au ni mtu mmoja anayenipenda leo? Mapenzi ya mtu mmoja huenda naye kaburini.