Pietro Germi na Sheria ya Heshima

Pietro Germi, mtengenezaji mashuhuri wa filamu, alizaliwa mwaka 1914 katika bandari ya Genoa, nchini Italia. Alianza kusomea ubaharia, akauacha, akaenda Roma kujifunza kazi ya sinema. Mwaka 1949 alitoa filamu juu ya hakimu kijana aliyejaribu kusimamisha haki katika kisiwa cha Sicily, mahali ambapo wenye nguvu walijifanya wao ndio sheria.

Lakini palikuwa na dhuluma nyingine iliyokaa ndani ya sheria yenyewe. Kanuni ya adhabu ya Italia, iliyotungwa mwaka 1930 chini ya utawala wa Mussolini, ilimpunguzia adhabu mtu aliyemwua mwenzi wake wa ndoa, binti yake au dada yake kwa hasira ya kumgundua katika uzinzi ulioivunjia heshima jamaa. Muuaji wa kawaida hakuweza kufungwa chini ya miaka 21. Muuaji wa heshima alifungwa miaka 3 hadi 7. Mwana wa kiume na kaka hawakutajwa. Heshima ya jamaa iliwekwa juu ya mwili wa mwanamke, na gharama yake akailipa yeye.

Germi hakuijibu sheria hiyo kwa hotuba, bali kwa kicheko. Katika filamu yake ya mwaka 1961, Divorzio all'italiana, bwana mmoja wa Sicily amemchoka mkewe na anamtamani binti wa jamaa yake. Talaka haipo nchini. Basi anapanga mkewe apate mpenzi, ili amwue na kuhurumiwa na mahakama. Anafungwa muda mfupi, anatoka, anaoa. Watu walicheka, lakini waliona wazi kwamba ile iliyoitwa hasira ya ghafula yaweza kuwa hesabu iliyopigwa kwa utulivu. Germi na wenzake walioandika mchezo huo walipewa tuzo ya Oscar mwaka 1963.

Talaka iliruhusiwa mwaka 1970. Germi alifariki Desemba 1974, na kifungu kile kilikuwa kingali hai. Bunge la Italia lilikifuta Agosti 1981, miaka 20 baada ya filamu yake. Syria ilifuta kifungu cha namna hiyo mwaka 2020 tu.

Hatudai kwamba filamu moja ilibadili sheria. Twasema kwamba Germi alimwonyesha kila raia jambo ambalo wanasheria walilifunika kwa maneno mazuri. Mahakama inayopunguza adhabu kwa kuwa aliyeuawa ni mke au dada wa muuaji huwa imekwisha kumhukumu marehemu, naye hayupo kujitetea. Hapana budi uhai wa mwanamke upimwe kwa mizani ile ile inayopima uhai wa kila mtu.