John Snow: Daktari Aliyewaweka Wafu Ramanini

Kwa muda mrefu mimi niliichukia ramani kama paka achukiavyo maji. Kwangu ramani ilikuwa mito na milima ya kukariri kwa sababu ya mtihani, basi. Fikira hizo ziliniishia nilipoyasoma maisha ya daktari mmoja Mwingereza, nami nimeona nisiwanyime uhondo huu.

John Snow alizaliwa mjini York, Uingereza, tarehe 15 Machi 1813. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto tisa, na babake alikuwa kibarua. Alipotimiza miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza kazi kwa daktari wa upasuaji. Huko ndiko alikokutana ana kwa ana na kipindupindu, kati ya mwaka wa 1831 na 1832, alipowahudumia wachimba makaa ya mawe. Hakuyasahau aliyoyaona.

Mwaka wa 1836 alikwenda London, akasoma hadi akawa bingwa wa nusukaputi. Mnamo 1853, na tena 1857, ndiye aliyempa Malkia Victoria klorofomu wakati wa kujifungua. Mtu wa cheo kama hicho angeweza kula vyake na kunyamaza. Lakini wapi! Madaktari wengi wa siku hizo waliamini kwamba kipindupindu huletwa na uvundo wa hewa. Snow aliandika mwaka wa 1849 kwamba ugonjwa huo huingia kwa kinywa, hasa kupitia maji machafu. Wakubwa wakampuuza.

Basi ikafika tarehe 31 Agosti 1854. Kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Soho, London, na kwa muda wa siku kama kumi tu kikaua watu zaidi ya 500. Waliojiweza walifunga virago wakatoroka. Snow yeye aliingia humo humo. Alichukua orodha ya waliofariki akawa anabisha hodi mlango hadi mlango, akiuliza marehemu alikunywa maji ya wapi. Wengi wao walikuwa wamekunywa ya pampu ya Broad Street. Jioni ya tarehe 7 Septemba akawaeleza wasimamizi wa parokia, na kesho yake mpini wa pampu ukang'olewa.

Baadaye ndipo alipoitoa ile ramani maarufu. Kila aliyekufa alichorewa kistari cheusi kando ya nyumba yake. Hebu fikiria, msomaji! Karibu na pampu vistari vilirundikana kama kuni. Ukienda mbali, vikapungua. Palipokuwa na pengo, Snow aliuliza kwa nini. Kumbe wafanyakazi wa kiwanda cha pombe kilichokuwa jirani walikuwa wakipewa pombe, na pale palikuwa na kisima chao. Nyumba ya maskini nayo ilikuwa na watu 535 na kisima chake. Ni 5 tu waliokufa. Na kule Hampstead, mbali kabisa, mjane mmoja alikufa kwa sababu alipenda maji ya Broad Street, akiletewa kila siku!

Lakini kilichonigusa mimi zaidi ni tarehe. Snow alipanga pia vifo siku baada ya siku, na hesabu hiyo ilionyesha kwamba vilikuwa vimeanza kupungua kabla ya mpini kung'olewa, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamehama. Angeweza kujisifu kwamba yeye ndiye aliyeuzima moto. Hakufanya hivyo, alikiri wazi katika kitabu chake cha 1855. Ramani ilimwambia wapi, tarehe zikamwambia lini, naye hakuzidisha chumvi.

Kasisi mmoja, Henry Whitehead, hakumwamini, akaanza uchunguzi ili amkosoe. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyegundua kwamba maji yaliyofulia nepi za mtoto mgonjwa yalimwagwa katika shimo la taka lililovuja hadi kisimani.

Snow alifariki tarehe 16 Juni 1858, akiwa na miaka 45 tu, bila mke wala mtoto, na kabla wakubwa hawajamkubali. Robert Koch alikuja kukitambua kijidudu chenyewe miaka ya 1883 na 1884. Leo pale mtaani kuna baa yenye jina la Snow, na ilhali yeye kwa miaka mingi hakugusa pombe!

Siku hizi ramani yake imetiwa katika kompyuta. Unabonyeza nyumba, unaona idadi ya vifo. Nasi tusidhani hayo ni ya wazungu wa kale. Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka wa 1971 na kimerudi mara nyingi tangu hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na roho za watu ni zaidi ya mali. Kwa hivyo, ndugu zangu, mwalimu wa Jografia akisema tutoe penseli na rula, tusinung'unike.