Bose: Mwanafizikia Aliyegeukia Mimea

Mtoto akiligusa jani la kifauongo, jani hujikunja papo hapo, naye hucheka akaenda zake. Jagadish Chandra Bose hakwenda zake. Mwanasayansi huyo Mbengali aliacha kazi iliyompatia sifa Ulaya akaanza kuipima mimea kwa umeme. Wanafizikia waliona ametoka njiani, na wataalamu wa viumbe wakamwona mdukizi.

Alizaliwa mwaka 1858 katika sehemu ambayo leo ni Bangladesh. Alipotoka masomoni Cambridge, mwaka 1885, aliajiriwa kufundisha fizikia katika Presidency College, Calcutta. Mhindi alilipwa theluthi mbili ya mshahara wa Mzungu, na kwa kuwa kazi ya Bose ilikuwa ya muda, alipewa nusu ya hiyo. Wazee wetu waliotumikia serikali ya kikoloni waliijua hesabu ya namna hiyo. Bose hakugoma. Alifundisha kama kawaida, ila mshahara hakuugusa kwa miaka mitatu, na huku baba yake amezama katika madeni. Mwishowe alilipwa kamili, pamoja na malimbikizo.

Mwaka 1895, mbele ya watu, alituma mawimbi ya redio yakapenya kuta, yakapiga kengele na kulipua baruti upande wa pili. Lakini kilichomshughulisha ni jambo dogo: chombo chake cha kunasia mawimbi kilichoka kikitumiwa sana, na kikipumzishwa kilipata nguvu tena, kama msuli wa mtu. Akajaribu madini, kisha majani na mashina, akiyachoma, akiyatia sumu, akipima umeme wake.

Mwaka 1901 alipeleka matokeo London. Mabingwa wa elimu ya viumbe walimpinga, na Royal Society ikaiweka kando makala yake. Akaandika vitabu. Akaunda pia mtambo wa kukuza mara 10,000 mwendo wa mmea unaoota. Mwaka 1920 Royal Society hiyo hiyo ilimfanya mwanachama.

Nadhani alizidisha aliposema mimea ina neva kama zetu. Lakini kwamba ishara za umeme hupita ndani ya mimea, leo hakuna abishaye.

Alifariki mwaka 1937. Taasisi aliyoifungua Calcutta mwaka 1917 ingaliko, na ndani yake vimehifadhiwa vyombo alivyounda akisaidiwa na fundi bati wa mjini.